Kebo ya Kwenda Gereji ya Chini

Nyumba tuliyopewa na usharika ilikuwa juu, na gereji yake ilikuwa chini. Wazungu walioijenga walikuwa na gari, na gari lile halikuweza kupanda mlima wetu. Wakajenga banda la mawe kando ya barabara, wakawa wanaliacha humo na kupanda kwa miguu kama sisi wengine. Walipoondoka baada ya Uhuru waliondoka nalo. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuwa na gari, lakini watu wote wa mtaa waliendelea kupaita mahali pale gereji, na mpaka leo nikimwelekeza mgeni humwambia, "Ukifika gerejini, anza kupanda."

Humo ndimo tulimofanyia useremala, mimi na mwenzangu, katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwinjilisti. Jumapili nilihubiri, Jumatano jioni nilifundisha watoto wa kipaimara, na siku zilizobaki nilishika randa. Mwenzangu alikuwa Mwislamu wa mtaa wa pili, mtu mzima kuliko mimi kwa miaka kama kumi na mitano, na alikuwa ndiye seremala hasa. Watu walimwita Fundi, na hakuna aliyeuliza fundi yupi. Kila asubuhi nilimpa shikamoo kabla ya neno lingine lolote, hata kama jana yake tuliachana tumenuniana kwa ajili ya ubao ulioharibika. Aliitikia, "Marahaba, Mwalimu," halafu ndipo tuliendelea na ugomvi pale tulipouacha.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, Fundi alianguka kutoka kwenye kenchi za darasa tulilokuwa tunaliezeka. Bega la kulia likavunjika, likaunga vibaya. Mikono yake ilibaki na ujuzi wake wote. Aliweza kupima, kuchora, kutoboa na kuunga mbao hadi usione mahali zilipokutana. Jambo moja tu lilimshinda, kusukuma msumeno. Akikata ubao mmoja, jasho lilimtoka, na siku ya pili hakuweza kuinua kikombe. Kwa hiyo nilikata mimi kwa niaba ya wote wawili, na mimi nikikata, ubao ulikwenda kama njia ya mbuzi.

"Mwalimu," aliniambia siku moja akiutazama ubao wangu, "huu unakwenda wapi?"

"Nimefuata mstari wako, Fundi."

"Mstari wangu uko hapa. Wewe umepita kusalimia jamaa zako njiani."

Tulicheka, lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa karani wa zamu kwenye shamba la mkonge kule chini bondeni. Alikuwa amemtafutia kazi ya kulinda lango. Fundi hakupenda joto la huko. Alisema huko chini hata kivuli kinaunguza. Lakini mtu hawezi kuitwa seremala miaka yote huku anakatiwa mbao na mwinjilisti. Alimjibu shemeji yake kwamba akishaswali Idd atashuka. Tulikuwa siku chache kabla ya kuingia Ramadhani. Basi nikawa nahesabu siku kuliko yeye aliyekuwa anajiandaa kufunga.

Ndipo serikali ya kijiji ilipotupatia msumeno wa mashine. Ulikuwa wa mlowezi mmoja aliyeondoka, meza ya chuma yenye duara la meno katikati na mota chini yake, na ulikuwa umelala miaka mingi kwenye ghala. Shule zilihitaji madawati, na mwenyekiti alisema kikundi chetu cha useremala ndicho kitakachoutumia. Watu wanane waliubeba mpaka gerejini. Fundi aliuzunguka mara tatu. Aliugusa meno kwa kidole, akapima kimo cha meza kwa kiuno chake.

"Huu haudai bega," alisema taratibu. "Huu unataka kusukumiwa ubao tu. Hata kwa nyonga naweza."

Nilimshukuru Mungu moyoni, na nikafanya haraka, na haraka ile ndiyo iliyotuponza.

Gereji haikuwa na umeme. Nyumba yangu ilikuwa nao. Ulitosha balbu nne, pasi na redio, na boksi la fyuzi lilikuwa ukutani barazani. Ilibidi tuushushe umeme kutoka kwenye boksi lile mpaka gerejini, tuweke huko boksi dogo lenye fyuzi zake, na kutoka hapo tuulishe msumeno na taa. Mtu wa kutuongoza alikuwepo. Jirani yetu mmoja alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha chai upande wa Kwamkoro, na wiki ile alikuwa amekuja kumwona mkewe kabla ya mfungo. Alisoma kibati kilichokuwa kwenye mota, akauliza swali moja.

"Kutoka boksi la juu mpaka hapa ni mbali kiasi gani?"

"Pale tu," tulisema wote wawili kwa pamoja.

Msomaji asiyetoka milimani pengine haelewi "pale tu" yetu. Sisi tukiona nyumba ng'ambo ya bonde, tukaita na kuitikiwa, tunahesabu tumefika. Kutoka barazani kwangu niliweza kuongea na Fundi akiwa gerejini bila hata kupaza sauti sana. Tulitaniana hivyo kila siku. Kwangu pale palikuwa karibu kama sebule na jiko.

Fundi umeme hakuridhika na "pale tu". Alitaka mita. Basi mimi na Fundi tukachukua kamba ya katani, mimi nikashika ncha barazani, yeye akashika ncha nyingine akiwa amesimama kwenye ngazi penye kilele cha paa la gereji, tukaivuta ikanyooka hewani juu ya migomba. Tulipoilaza chini na kuipima kwa futi ya useremala, tukapata mita thelathini na tatu. Mke wangu alikuwa anachambua maharage pale barazani.

"Baba watoto," aliuliza, "mimi nikishuka huko na ndoo napita kwenye kamba hiyo?"

"Umeme haubebi ndoo," nilimjibu, na nilijiona nimesema neno la maana.

Fundi umeme alitufafanulia habari ya kebo kwa mfano wa maji, maana sisi wote tulilelewa na mifereji. Alisema ukiteka maji ya chemchemi kwa mwanzi mwembamba, hatua kumi utapata maji ya kunawa, na hatua mia utapata matone. Maji hayajaisha kule juu, njia ndiyo imeyabana. Kwa balbu hilo si neno, balbu inaridhika na kidogo. Lakini mota inapoanza kuzunguka inameza mkupuo mmoja mkubwa, mara nne au tano ya ule inaohitaji baadaye, na ikiukosa haiamki. Kwa mita thelathini na tano, kebo ya milimita nne ingetosha vizuri. Ndani yake kuwe na nyaya tatu, wa kuleta, wa kurudisha, na wa kwenda ardhini kwa usalama wetu. Tungeipitisha juu ya nguzo mbili. Akatuaga, akarudi Kwamkoro.

Siku zile kitu kama kebo hukukipata bila kibali. Katibu kata aliandika, "mita thelathini na tano", akagonga muhuri. Nikashuka Mombo, nikapanda basi la Tanga, na siku ya tatu nilirudi na kebo yangu imeviringwa begani kama nyoka wa shaba. Ramadhani ilikuwa imefika katikati. Fundi alikuwa amekwisha kuchonga nguzo zote mbili.

Nguzo ya kwanza tuliisimika kwenye ua wangu. Ya pili ilitakiwa kusimama kwenye ngazi ya shamba iliyochongwa mteremkoni katikati, na shamba lile lilikuwa la bibi mmoja mjane. Migomba yake ilikuwa mizuri, na katikati ya migomba kulikuwa na makaburi ya kwao, la mumewe likiwa la karibuni zaidi. Nilimzika mimi mwenyewe. Tulimkuta Bibi anapalilia, tukampa shikamoo, tukaeleza.

Aliinuka, akatazama juu, akaifuata kwa macho njia ya kebo kutoka barazani kwangu mpaka gerejini. Macho yake yalisimama katikati.

"Mwalimu, wewe ulimfahamu mzee wangu."

"Nilimfahamu, Bibi."

"Alikuwa anaogopa nini?"

Nilifikiri. Mzee yule alikuwa mkali, hakuogopa hata diwani. Lakini mvua kubwa ikianza alikuwa anaingia chini ya kitanda, na mtaa mzima ulijua.

"Radi," nilisema.

"Radi," alisema Bibi. "Miaka arobaini nimekaa na mtu anayeingia uvunguni kwa ajili ya radi. Leo amelala, amepumzika, na wewe uliyemwombea apumzike ndiye unayekuja kumpitishia radi juu ya kichwa?"

Fundi aligeuka upande akajifanya anakohoa. Mimi nilikuwa na majibu. Nilisoma chuo cha biblia, ningeweza kumweleza Bibi habari za waliolala na za ufufuo kwa mpangilio mzuri. Lakini nilimtazama alivyosimama na jembe lake, na nikaona kwamba hakuwa anauliza habari za ufufuo. Kwetu makaburi yako shambani, kati ya migomba, na mtu hapiti juu yake kwa mguu wala kwa kitu kingine bila ridhaa ya wenyewe. Jambo hilo nililijua tangu utotoni. Nililisahau kwa sababu nilipima nikiwa barazani, kwa jicho na kwa sauti, na sauti haikanyagi makaburi.

"Tutazunguka, Bibi," alisema Fundi.

"Zungukeni, wanangu. Njia ipo. Wote tunaipita."

Njia ilikuwepo kweli. Inatoka kwenye ua wangu, inakwenda kushoto mpaka penye jabali, inarudi kulia chini ya shamba la Bibi, inazunguka kisima, ndipo inafika gerejini. Tuliipima kwa kamba ile ile, safari hii ikiwa imelazwa ardhini. Mita sabini na sita. Mke wangu alipita na ndoo yake, akatupa pole.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili sikumshirikisha mtu. Zilibaki siku kumi na moja kufika Idd. Niliona hakuna nafasi ya kupata kibali kingine na kwenda Tanga tena. Nyuma ya nyumba mke wangu alikuwa anaanikia nguo kwenye waya wa zamani wa taa, mrefu, wenye mpira bado mzima. Nikaufungua.

"Na nguo nizianike wapi?" aliuliza.

"Kwa siku mbili tu, mama. Ni majaribio."

"Majaribio ya nguo au ya waya?"

Niliuunga ule waya na kebo yangu mpya, nikaufunga kwa utepe, nikaulaza njiani mpaka gerejini. Fundi alitazama pale penye kiungo. Kebo yangu ilikuwa nene kama kidole cha mwisho, na ule waya wa nguo ulikuwa kama bua la nyasi.

"Mwalimu, hapa mto unaingia kwenye mrija."

"Tujaribu, Fundi. Tukikosa tumekosa."

Kwanza tuliwasha balbu. Ikawaka! Fundi alipiga makofi, na nakiri nami nilijiona nimewashinda wataalamu. Ndipo nikabonyeza swichi ya msumeno. Msumeno haukuzunguka. Uliguna, mmmm, kama ng'ombe aliyenyimwa ndama. Balbu ikafifia ikawa nyekundu kama kaa la mwisho jikoni. Kisha tukasikia harufu ya mpira unaoungua kwenye kiungo, na kutoka juu mke wangu akaita kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Baba watoto! Redio imekufa na boksi linatoa moshi!"

Nilikimbia. Nilivyopanda mlima ule sijui. Fyuzi ilikuwa imekatika, na kwa rehema za Mungu hakikuungua kitu kingine. Niliporudi chini nikiwa nahema, Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi. Alikuwa anazipaka patasi zake mafuta, moja moja, na kuzifunga kwenye kitambaa.

"Unafanya nini, Fundi?"

"Nazilaza. Zikikaa bila mafuta zitashika kutu."

"Bado siku kumi na moja."

"Najua hesabu ya siku, Mwalimu. Nimefunga." Halafu akatabasamu ili nisione vibaya. "Wewe nenda kale. Tangu asubuhi unajificha nyuma ya mbao na kiporo chako. Nimefunga mdomo, macho sijayafunga."

Sikula. Nilikwenda moja kwa moja kwa katibu kata. Alisoma ombi langu, akafungua faili, akatoa nakala ya kibali cha kwanza, akaziweka karatasi mbili sambamba.

"Mwalimu, wiki iliyopita ilikuwa mita thelathini na tano."

"Ndiyo, ndugu katibu."

"Na leo ni themanini. Mlima umekua?"

Nilimweleza habari ya Bibi na radi. Alicheka mpaka akafuta machozi, akagonga muhuri, na ninaamini ni kile kicheko kilichogonga, maana watu wengine walisubiri muhuri ule mwezi mzima.

Safari hii sikuthubutu kununua kwa akili yangu. Nilishuka mpaka Muheza, nikapata lori la kupanda Amani, na kutoka hapo nikatembea katikati ya chai mpaka kiwandani Kwamkoro. Fundi umeme alinipokea kwenye mlango wa chumba cha mitambo, mikono imejaa grisi. Nilimweleza yote, hata habari ya waya wa kuanikia nguo. Alifumba macho kwa muda.

"Mwalimu, uliniambia mita thelathini na tatu."

"Tulipima kwa kamba."

"Hewani."

"Hewani."

"Umeme hauruki, Mwalimu. Unatembea. Unapita njia ile ile unayopita wewe na mama wa ndoo." Akachukua chaki, akachora juu ya sanduku la chai. Kwa njia ndefu hivyo, milimita nne ni mwanzi mwembamba. Msumeno ungeguna kila asubuhi mpaka mota iungue. Milimita sita ungezunguka, lakini ukipewa ubao mgumu wa mkulo ungelegea katikati ya ubao. "Na nyinyi si watu wa kuishia kwenye msumeno mmoja. Mwakani mtataka randa ya mashine. Nunua kumi. Kisha iwe ile yenye ngozi ya chuma, kwa sababu itapita ardhini. Ichimbieni kwa kina cha goti. Mafuko wenu wanatafuna, na majembe ya mama zetu hayaulizi kilichomo."

Alisema pia kwamba ile kebo ya nne nisiilaani. Tungeikata vipande ituhudumie ndani ya gereji, kutoka kwenye boksi dogo mpaka kwenye msumeno, huko ambako mwendo ni mfupi. Na akaahidi kwamba angekuja nyumbani siku tatu kabla ya Idd, auunge umeme yeye mwenyewe, mradi nisiguse tena boksi la fyuzi. Nilimwahidi kwa moyo wote.

Tanga, kwenye duka la vifaa, mwuzaji alinitolea kebo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya milimita sita, yenye mpira mweusi, nyepesi. Mita themanini ningeweza kuibeba mwenyewe na kuipakia juu ya basi la mchana huo, nifike kesho yake. Ya pili ilikuwa nyuma ya ghala, imezungushiwa kwenye gurudumu la mbao, milimita kumi, imevikwa nyuzi za chuma. Iliagizwa na watu ambao hawakurudi kuichukua.

"Hiyo huiwezi, mzee," alisema, ingawa wakati ule sikuwa mzee. "Hiyo inahitaji lori. Lori la kwenda milimani kwenu linakuja kupakia Alhamisi."

Ilikuwa Jumatatu. Idd ilikuwa Jumanne au Jumatano ya wiki iliyofuata, kwa kuandama kwa mwezi. Nilisimama kati ya kebo mbili zile muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya mchungaji siku ya ndoa yangu. Ya sita ingenifikisha kesho. Ningeingia gerejini, msumeno ungezunguka, Fundi angeona. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwonyesha balbu inayowaka, na nilikumbuka zile patasi zinavyopakwa mafuta. Kumwonyesha msumeno unaozunguka kisha unalegea katikati ya ubao ingekuwa kumfukuza mara mbili. Miaka mingi nilifundisha watoto wa kipaimara habari za uvumilivu, na nilijua maneno yake yote. Siku ile nilitakiwa kununua kwa maneno yale. Nikamwambia mwuzaji akate themanini ya kumi.

Nililala siku tatu kwenye nyumba ya wageni ya usharika mmoja. Nilisali, niliosha shati, nilitazama meli. Alhamisi lori lilikuja, likapakia sementi, chumvi, na kebo yangu, na mimi juu yake.

Tulifika gerejini Ijumaa mchana, watu wakitoka msikitini. Kumbe katibu kata alikuwa ameisimulia habari ya mlima uliokua, na mtaa mzima ulikuwa unaningoja kwa kicheko. Ilikuwa heri, maana aliyecheka alishika jembe. Jumamosi alfajiri, kabla jua halijawa kali kwa waliofunga, watu zaidi ya ishirini walijipanga njiani, Wakristo na Waislamu, kila mmoja na hatua zake nne za kuchimba. Bibi mwenyewe alisimama kwenye kona ya shamba lake kuhakikisha mtaro hauvuki mpaka. Mtu mmoja akauchepusha kidogo kukwepa jiwe, akapigiwa kelele, "Rudi huko! Ng'oa jiwe, usimsogelee mzee wangu!" Jiwe likang'olewa.

Kebo ilikuwa ngumu kama chatu aliyeshiba. Kwenye kona ya jabali ilibidi watu sita waikalie ndipo ikubali kupinda. Lakini saa nne ilikuwa imelala ardhini, imefunikwa mchanga laini kwanza kisha udongo, na juu ya njia ile ile watu wakapita wakirudi kwao.

Fundi umeme alifika jioni ile kama alivyoahidi. Jumapili nilihubiri kwa kifupi kuliko kawaida, na hakuna aliyelalamika. Tulipotoka kanisani alikuwa amekwisha kufunga boksi dogo gerejini, lenye fyuzi nne, na nje ya ukuta alikuwa amepigilia fimbo ya shaba ardhini. Alikagua mara ya mwisho, akapanda juu, akawasha, akaita kutoka barazani, "Tayari!"

Fundi alivua kanzu yake ya mfungo, akavaa koti la kazi. Alichagua ubao wa mkulo, mnene, wa aina ambayo mimi ningeukata nusu siku na kuuharibu. Akabonyeza swichi mwenyewe. Msumeno uliguna mara moja tu, kisha ukapaza sauti, ukawa unaimba. Balbu juu yake haikupepesa. Fundi akaegemeza ubao, mkono wa kushoto ukiongoza na nyonga ikisukuma, na bega lile bovu likining'inia bila kazi. Ubao ukapita. Harufu ya mkulo ikajaa gereji yote, ile harufu inayopanda mpaka kwenye macho. Vipande viwili vikaanguka. Alizima, akaokota kimoja, akafunga jicho moja akitazama ukingo wake dhidi ya mwanga wa mlangoni.

"Mwalimu."

"Naam, Fundi."

"Ubao huu haukupita kwa jamaa zako."

Alikata mingine minane. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza aliketi kwenye benchi, uso wote umejaa unga wa mbao, akainamisha kichwa. Nilidhani anasali, na pengine alikuwa anasali. Kisha akaniomba karatasi.

Alisoma chuo cha Kurani, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Lakini barua zote za shamba la mkonge zilipitia ofisini, na huko walisoma herufi zetu za shule. Kwa hiyo nilikaa naye, nikaweka karatasi juu ya meza ya msumeno, nikaandika alivyosema. Alimsalimu shemeji yake, akawasalimu watoto kwa majina yote, akauliza habari za mvua. Alimshukuru kwa kumkumbuka katika shida yake na kumwombea kwa Mungu malipo mema. Akasema mlinzi wa lango atafutwe mwingine, kwa kuwa yeye ana kazi.

"Soma," aliniambia.

Nilisoma. Nilipofika mwisho nilisoma kama nilivyoandika, "Kwa sababu hiyo sitaweza kushuka kwa sasa."

"Hilo la 'kwa sasa' nimelisema mimi?"

"Hapana, Fundi. Nimeliweka mimi, ili barua isiwe kali."

Alipuliza unga wa mbao uliokuwa juu ya karatasi.

"Lifute," alisema.

Nikalifuta.